Nchelenge: Kura za Watu wa Ziwa

Kanuni ya kupiga kura nchini Zambia haina mafumbo. Unapiga kura katika kituo ambacho jina lako limo kwenye daftari lake, basi. Ukienda kituo kingine, hata kama kiko ng'ambo ya barabara tu, utarudishwa na kadi yako mkononi. Mkulima wa mihogo aliyejenga nyumba ya matofali karibu na shamba lake haoni tabu yoyote hapo: shule aliyojiandikishia ndiyo atakayopigia kura, na pengine ndiyo aliyosomea. Mvuvi wa Ziwa Mweru ana maisha mengine. Samaki wakiadimika upande mmoja anahamia upande wa pili, anajenga kibanda cha matete, anakaa miezi miwili mitatu, kisha anaondoka tena. Mke na watoto wako karibu na Kashikishi, mtumbwi uko kisiwani, wajomba wako Kongo. Ukimwuliza mtu kama huyo anapigia wapi kura, umemwuliza kwa adabu yeye ni wa wapi. Watawala wa ufuko huu wamekuwa wakiuliza swali hilo kwa zaidi ya karne moja, kila mmoja na karatasi yake mkononi.

Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa Mweru. Makao ya wilaya na mji wa soko wa Kashikishi yameshikana kiasi kwamba mgeni hajui alipotoka kimoja na kuingia kingine. Lami inatoka Mansa, inapita Mwense, Mwansabombwe na Mbereshi, na inapofika hapa harufu ya samaki wakavu imeshamtangulia msafiri. Ziwa lina urefu wa kilomita 130 hivi na eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,000, lakini si la kina. Wastani wake haufiki mita 10. Mto Luapula unaingia kwa kusini, Luvua unatoka kwa kaskazini kwenda kuungana na Lualaba. Mpaka wa Zambia na Kongo umepita humo humo majini. Mkondo wake ulikubaliwa Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kisiwa cha Kilwa kikaangukia upande wa Waingereza ingawa kiko jirani zaidi na ufuko wa Kongo. Hii si Kilwa ya Kisiwani inayojulikana na watu wa pwani. Ni kisiwa cha wavuvi, na ng'ambo yake, upande wa Kongo, upo mji wenye jina hilo hilo.

Kabla ya mpaka wa wazungu palikuwa na makubaliano mengine juu ya maji haya. Wazee wa bonde la Luapula wanasimulia habari za Nachituti, dada yake Nkuba, aliyekuwa mtawala wa Washila, wavuvi wa asili wa eneo hili. Nkuba alimwua mtoto wa dada yake huyo. Nachituti hakuwa na jeshi, akaenda kwa Kazembe, mtawala wa Walunda waliokuja kutoka magharibi, akaomba alipiziwe kisasi. Nkuba akauawa. Ndipo Nachituti alipomletea Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi ile na ziwa lile. Mwanahistoria David Gordon alikipa kitabu chake cha mwaka 2006 jina la zawadi hiyo, na hakukosea, kwa sababu simulizi hili linafanya kazi mpaka leo: linaeleza kwa nini Walunda ndio wanaotawala, na pia kwa nini Washila hawakupoteza kabisa neno lao juu ya maji na visiwa. Mimi linanigusa kwa jambo jingine. Ziwa zima lilibadilisha mwenyewe kwa uamuzi wa mama mmoja aliyefiwa, na hakuna mvuvi anayetajwa kuwa aliulizwa.

Watu wa pwani nao walipita hapa, wakitafuta pembe, shaba na watumwa. David Livingstone alipolifikia ziwa tarehe 8 Novemba 1867, kisha akaenda kwa Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, aliyekuwa amekaa miaka mingi bila kuweza kuondoka. Ruhusa ya kuingia katika nchi ya Kazembe ilikuwa moja, na ruhusa ya kutoka ilikuwa nyingine. Huo ndio ukaazi wa siku hizo: haukuandikwa popote, lakini kila mtu alijua yuko chini ya nani.

Kampuni ya British South Africa ilimfikia Kazembe Oktoba 1899. Mji wake ulichomwa moto, yeye akavuka Luapula, na akarudi baadaye kwa upatanishi wa wamishonari wa Mambilima. Kilichofuata ni kodi ya nyumba. Kodi inataka orodha ya watu, na orodha inataka watu wakae mahali pamoja. Tangu hapo mtu wa mtumbwi akawa kero ya karani. Leo yuko kijiji hiki, kesho yuko kisiwani, na akisikia mtoza kodi anakuja, Kongo iko pale anapoiona kwa macho. Wakongomani nao walifanya vivyo hivyo kwa kuelekea upande wa pili wakati kodi ya Wabelgiji ilipozidi.

Halafu ukaja ugonjwa wa malale. Kampuni ilipoogopa kuenea kwa ugonjwa huo, karibu na mwaka 1910, vijiji vya ukingo wa Luapula na ufuko wa Mweru viliamriwa kuhama kwenda bara, mbali na maji na mbung'o wake, na uvuvi ukapigwa marufuku. Fikiria Mshila anayeambiwa alime milimani. Wengine walitii, wengine walivuka usiku, wengine walirudi kwa siri kutega samaki gizani. Ilichukua miaka mingi kabla watu hawajaruhusiwa kurudi kujenga ukingoni. Ukipita leo kwenye barabara ya Nchelenge ukaona vijiji vimefuatana kama shanga kwenye uzi, ujue kwamba palikuwa na wakati ambapo kukaa hapo kulikuwa kosa la jinai.

Serikali ya Uingereza ilichukua madaraka kutoka kwa Kampuni mwaka 1924, na ilipofika mwisho wa muongo huo ikaanza kutawala kupitia machifu. Ziliundwa Serikali za Wenyeji, na mwaka 1936 zikapewa hazina zake. Hapo ndipo penye mizizi ya baraza la wilaya la leo. Kazembe ndiye aliyekuwa mkuu, na machifu wengine wa ufukweni, kama Kanyembo na Kambwali, walikuwa chini yake. Boma lao lilikuwa Kawambwa, juu kwenye uwanda, mbali na upepo wa ziwa. Katika miaka ya 1940 kiti cha Kazembe kilikaliwa na Shadreck Chinyanta, msomi aliyeandika historia ya watu wake kwa Kibemba, na wakati wake baraza lilijaa makarani wanaojua kusoma na kuandika. Lilikuwa baraza lenye hazina, mahakama, matarishi na sheria ndogondogo. Kura halikuwa nazo. Mjumbe aliingia kwa kuteuliwa, na aliyemteua aliidhinishwa na bwana mkubwa wa Kawambwa.

Sheria zilizowauma watu zaidi zilikuwa za uvuvi, na hapa inafaa kutulia kidogo, kwani siasa ya Nchelenge ilizaliwa ndani ya nyavu. Wagiriki waliofanya makao Kasenga, upande wa Kongo, walikuwa wakinunua samaki wa Luapula na Mweru, wakiwatia barafu na kuwapeleka kwa wachimbaji wa migodi ya Katanga. Soko lilikuwa halishibi. Samaki aliyetakiwa mno ni mpumbu, ambaye mvua zikianza hupanda mto kwa makundi kwenda kutaga. Watu walimsubiri njiani, mwaka baada ya mwaka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu akawa historia. Serikali ikaja na dawa yake: leseni, ukubwa wa matundu ya nyavu, maeneo na miezi ya kufunga. Waliotakiwa kuzisimamia ni machifu na matarishi wao. Mvuvi akaona ajabu. Chifu wake, ambaye kwa mila ndiye anayeliombea ziwa, sasa anamnyang'anya nyavu kwa niaba ya mzungu wa idara ya uvuvi, huku Mgiriki ng'ambo akiendelea kununua.

Chama cha Congress, cha Waafrika waliodai uhuru, kilipofika Luapula katika miaka ya 1950 hakikuhitaji kufundisha watu nadharia ya uhuru. Kilisema tu kwamba samaki ni wenu, na watu wakaelewa.

Kura zilikuwepo katika Northern Rhodesia, jina la Zambia wakati wa ukoloni, lakini zilikuwa za wengine. Mpiga kura wa Bunge la koloni alipaswa kuwa raia wa Uingereza, na Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza tu. Sauti ya Luapula ilipelekwa kwa ngazi: baraza la mkoa likachagua wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wa Waafrika, nalo likachagua wawili wa kuingia kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Ndivyo Dauti Yamba, mwalimu kutoka Luapula, alivyoingia humo mwaka 1951. Alikuwa mtu wa watu, lakini hakuna mvuvi wa Kashikishi aliyewahi kumpigia kura. Uchaguzi wa 1962 ulileta daftari la juu na daftari la chini, watu wakipangwa kwa kipato na elimu, hesabu ngumu ambayo hata waliogombea waliilalamikia.

Katikati ya hayo ulikuwapo moto. Julai 1961 chama cha UNIP, chini ya Kenneth Kaunda, kiliamua kuikaba serikali, na kampeni iliyojulikana kama Cha-cha-cha ikawaka kuliko kwingine kote katika mikoa ya Kaskazini na Luapula. Barabara zilikatwa, madaraja yakabomolewa, shule kadhaa zikachomwa. Watu pia walichoma vipande vyao, yaani vile vitambulisho vya kikoloni ambavyo mwanamume mzima alitakiwa kutembea navyo na kuvionyesha kwa kila tarishi. Karatasi iliyosema wewe ni wa kijiji gani na chifu gani ikawa majivu mbele ya hadhara. Nalikumbuka tukio hilo kila nionapo wajukuu wa watu wale wakipanga foleni tangu alfajiri kuomba kitambulisho.

Tarehe 20 na 21 Januari 1964 kila mtu mzima alipiga kura kwa mara ya kwanza, tajiri na maskini, aliyesoma na asiyesoma. UNIP ilipata viti 55 kati ya 65 vya daftari kuu, na Luapula ilikuwa ngome yake. Uhuru ulikuja tarehe 24 Oktoba. Mwaka uliofuata Sheria ya Serikali za Mitaa iliziondoa Serikali za Wenyeji na kuweka mabaraza ya wilaya yenye madiwani wa kuchaguliwa kwa kata. Chifu alibaki na heshima na posho. Hazina na matarishi vikahamia kwa diwani. Kwa mara ya kwanza ufuko wa Mweru ukagawanywa katika kata, na swali la nani ni wa wapi likapata sura mpya, kwa sababu sasa kulikuwa na kiti cha kugombania.

Inasimuliwa mara chache kwamba si kila mtu alitaka kura hiyo. Bonde la Luapula lilikuwa na Mashahidi wa Yehova wengi kuliko sehemu nyingi za dunia, tangu siku za ukoloni, na imani yao iliwakataza kupiga kura, kununua kadi ya chama na kuimba wimbo wa taifa. Mbele ya mkoloni ukaidi huo ulionekana ushujaa. Mbele ya UNIP uliitwa usaliti. Karibu na uchaguzi wa Desemba 1968 vijana wa chama waliwavamia katika mkoa huu, nyumba zikachomwa, watu wakapigwa, wengine wakakimbilia porini. Kadi ya chama ilikuwa imeshakuwa kitu cha kuonyeshwa sokoni na kwenye kituo cha basi. Asiye nayo hapandi, hauzi. Miaka saba tu tangu vipande vichomwe, karatasi nyingine ilikuwa imeshika nafasi yake, na safari hii aliyeidai ni kijana wa kijiji hicho hicho.

Utawala wa chama kimoja ulianza rasmi mwishoni mwa 1972. Madiwani waliendelea kuchaguliwa kwa muda, kisha Sheria ya Utawala wa Mitaa ya 1980 ikamaliza hata hilo. Baraza la wilaya likaunganishwa na chama. Gavana wa wilaya, aliyeteuliwa na rais, akawa mwenyekiti wake. Wenyeviti wa kata wa UNIP wakawa ndio madiwani, na waliowachagua ni wanachama peke yao. Kwa miaka zaidi ya kumi, basi, mkazi wa Nchelenge asiyekuwa na kadi ya UNIP hakuwa na mahali pa kupigia kura ya diwani. Ziwa halikungoja. Ni katika kipindi hicho ambapo uvuvi wa chisense, dagaa wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa, ulipanuka sana, na wanawake wengi wakaingia katika biashara yake. Fedha za ziwa zikabadilisha mikono, na baraza likabaki mikononi mwa wale wale.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1991. Oktoba 31 Kaunda alishindwa na Frederick Chiluba wa MMD, na sheria mpya za serikali za mitaa zikarudisha diwani kwa mpiga kura. Uchaguzi wa madiwani wa Novemba 1992, uliofanywa peke yake, haukuwavuta watu. Waliojitokeza nchini walikuwa wachache mno. Wa pili ulifanyika Desemba 30, 1998, nao ukadorora. Walioamua kuuunganisha na ule wa rais na wabunge, kuanzia Desemba 27, 2001, walikuwa wamesoma alama za nyakati: kwa diwani peke yake mtu hatoki kisiwani.

Tarehe hizo zinanivutia kuliko majina ya washindi. Kwenye Mweru, upande wa Zambia, uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki watage. Maana yake ni kwamba uchaguzi wa 1998 na wa 2001 uliangukia wakati ambapo nyavu zimekunjwa na mvuvi amerudi nyumbani. Waangalizi wa kutoka Lusaka walilalamikia mvua, matope na barabara zilizokatika, na walikuwa na haki. Lakini kwa kaya ya mvuvi Desemba ndio mwezi ambao mume anaonekana. Baadaye uchaguzi ulihamishiwa Septemba, mwaka 2006 na 2011, na katiba iliyorekebishwa mwaka 2016 ikaufunga kwenye Alhamisi ya pili ya Agosti. Barabara kavu, anga safi, magari ya tume yanapita. Ni tarehe nzuri kwa mtu wa barabarani. Agosti ni katikati ya msimu wa uvuvi, miezi ya upepo mkali wa kusini-mashariki, na wanaume wako makambini, kila mmoja mbali na shule aliyojiandikishia. Sidhani kuna aliyekusudia kuwaonea. Kalenda ya ziwa haikuwa mezani tu.

Marekebisho ya 2016 yalileta mengine pia. Mwenyekiti wa baraza la wilaya, ambaye awali alichaguliwa na madiwani wenzake ndani ya ukumbi, sasa anapigiwa kura na wananchi wote wa wilaya. Diwani anatakiwa awe mkazi wa wilaya. Na wagombea walidaiwa cheti cha darasa la 12, sharti lililowatupa nje madiwani wengi wa vijijini waliokuwa wamehudumu miaka na miaka. Katika jamii ambayo mtoto wa kiume anaanza kuvuta nyavu akiwa darasa la 7, sharti hilo lilichuja watu kwa namna yake.

Siku ya kura yenyewe huku kwenye maji ina kazi zake. Nyenzo za kisiwani, kuanzia masanduku hadi wino, zinavuka kwa boti ya injini, zimefunikwa turubai, na polisi amekaa juu yake. Maafisa wanalala huko huko, kwa sababu kituo, mara nyingi darasa la shule ya msingi, kinatakiwa kufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Anayeingia anatoa vitu viwili: kitambulisho cha taifa na kadi ya mpiga kura. Karani anafuata safu ya majina kwa rula, analipata, analinganisha picha na uso. Kidole gumba kinachovywa wino. Mwaka 2016 mpiga kura alikabidhiwa karatasi tano, ya rais, ya mbunge, ya mwenyekiti wa baraza, ya diwani, na ya kura ya maoni juu ya haki za binadamu, na bibi asiyejua kusoma alitakiwa kuzitofautisha kwa macho tu. Mwaka 2021 zilikuwa nne. Kura zinahesabiwa hapo hapo usiku, kwa taa, mbele ya mawakala, na matokeo yanabandikwa ukutani kabla ya masanduku kurudi majini.

Karani akikosa jina, hana la kufanya. Na jina linakosekana kwa sababu nyingi za kawaida. Kwa uchaguzi wa 2021 Tume ya Uchaguzi ilianza daftari jipya kabisa, na lile la zamani likawekwa kando. Uandikishaji ulifunguliwa Novemba 9, 2020, ukatakiwa kufungwa Desemba 12, ukaongezwa siku chache. Waliojiandikisha nchi nzima walifika milioni 7 na kidogo, ilhali tume ilikuwa ikilenga milioni 9. Sasa pima kalenda hiyo na ile ya ziwa. Wiki tatu za mwanzo ni za mwisho wa msimu, wakati kila mvuvi anataka kujaza mtumbwi kabla ya kufungiwa. Aliyejiandikisha kambini Novemba alijikuta Desemba yuko nyumbani na kituo chake kiko kisiwani. Aliyesubiri mpaka arudi nyumbani alikuta foleni ya siku za mwisho. Sheria inaruhusu kuhamisha jina kwenda kituo kingine wakati daftari liko wazi, lakini ni lazima ujue Novemba utakuwa wapi Agosti ya mwaka kesho.

Kitambulisho nacho kina hadithi yake katika wilaya ya mpakani. Katika Luapula neno "Mkongo" hutolewa mfukoni kila siasa inapopamba moto. Chiluba mwenyewe, rais aliyehesabiwa mwana wa bonde hili, alipelekwa mahakamani baada ya uchaguzi wa 1996 na wapinzani waliodai kwamba asili yake ilikuwa Kongo, kinyume cha katiba ambayo serikali yake iliibadilisha mwaka ule ule ili mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia, kifungu kilichomfungia mlango Kaunda. Mahakama ya Juu iliitupa kesi hiyo mwaka 1998. Ikiwa rais alishtakiwa hivyo, mvuvi wa kisiwani aliyezaliwa na mama wa ng'ambo atasema nini mbele ya afisa wa vitambulisho? Mwaka 2020, utoaji wa vitambulisho ulipopita vijijini na Luapula ikawa miongoni mwa mikoa ya awamu ya kwanza, upinzani ulilalamika kwamba mikoa inayounga mkono serikali ndiyo inayopewa nafasi ya mbele. Mtu wa kijijini aliona upande mwingine wa jambo hilo: chifu au mkuu wa kijiji ndiye anayethibitisha kwamba anakujua.

Wapo wakazi wa Nchelenge ambao swali la kituo haliwahusu kabisa. Kuanzia mwaka 2017 mapigano ya kusini-mashariki mwa Kongo yaliwavusha maelfu ya watu, wakapokelewa kwanza Kenani, kisha Januari 2018 wakaanza kupelekwa makazi ya Mantapala, kwenye ardhi iliyotolewa wilayani humo. Wengi wao wanazungumza Kiswahili cha Katanga. Shule na zahanati zilipangwa zitumiwe pamoja na wenyeji, na mashamba yakapakana. Kongo ilipofanya uchaguzi wake Desemba 30, 2018, walikuwa Zambia. Zambia ilipofanya wake Agosti 12, 2021, walikuwa Wakongo. Kisima chao kinategemea baraza lile lile linalotengeneza kisima cha jirani mwenye kadi.

Baraza hilo sasa lina fedha ambazo halikuwahi kuziota. Mwaka 2022 Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na ukaendelea kupanda. Nchelenge, ambayo zamani ilikuwa na eneo la Chiengi ndani yake kabla haijamegwa, wakati huo ilikuwa wilaya ya jimbo moja, kwa hiyo mfuko mmoja, kamati moja, na madiwani wanaojua ni kata ipi itapata madarasa na ipi itangoja. Chama cha Patriotic Front, ambacho alama yake ni mashua na mwito wake ulikuwa "pabwato", kilichota kura nyingi sana ufukweni katika miaka ya 2010, na hata mwaka 2021 Luapula ilibaki na Edgar Lungu wakati nchi ilipomchagua Hakainde Hichilema. Nimesikia watu wakisema kwamba wavuvi walichagua mashua kwa mapenzi ya mashua. Ni dharau. Watu hawa waliichagua UNIP yenye jembe, kisha MMD yenye saa, na kila mara walijua walichokuwa wanakitafuta: leseni, nyavu, barabara, bei.

Kwenye mwalo wa Kashikishi ushuru wa samaki unalipwa kabla lori halijaondoka. Anayelipa anaweza kuwa mchuuzi kutoka Copperbelt, mama wa Kongo aliyevuka alfajiri, au mvuvi ambaye jina lake liko kwenye daftari la Chiengi au la Samfya. Mtoza ushuru hamwulizi yeyote kituo chake. Fedha inaingia kwa baraza la Nchelenge, na diwani wa kuiulizia anachaguliwa na wale ambao siku ya kura walikuwa mahali walipoandikwa. Alhamisi ya pili ya Agosti 2026 ni tarehe 13. Upepo utakuwa wa kusini-mashariki, chisense watakuwa wanavuliwa, na nauli ya boti kutoka Kilwa mpaka bara itakuwa juu ya mvuvi mwenyewe.